Heri ya Diwali, na Saal Mubarak

Heri ya Diwali kwenu nyote mnaowasha taa usiku huu, kuanzia Mombasa na Dar es Salaam hadi Kampala na Leicester. Na kwa majirani zetu Wagujarati mnaofungua mwaka mpya wa Vikram Samvat, kalenda ya Kihindu: Saal Mubarak!

Sikukuu hii huja usiku wa giza totoro. Sisi Waislamu wa pwani tunangoja mwezi uandame ndipo tusherehekee Idi. Wenzetu wanapamba milango mwezi ukiwa haupo kabisa. Siku yao ya mwezi, tithi, hutimia kila mara mwezi unapozidi kuachana na jua kwa nyuzi 12, kwa hiyo yaweza kuanza saa nane mchana au hata usiku wa manane. Ndiyo maana miaka mingine watu hubishana kama Diwali ni leo au kesho, na kila mmoja ana hoja. Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354 tu. Ingeachwa hivyo, Diwali ingezunguka mwaka mzima kama Ramadhani. Wao huongeza mwezi wa 13, adhik mas, takriban kila baada ya miezi 32 au 33, na sikukuu ikabaki Oktoba au Novemba.

Lakini ninachokipenda zaidi katika hesabu zao za kale ni ghati. Bakuli la shaba lenye kitundu chembamba kitakoni huwekwa lielee juu ya maji. Maji yanapenya taratibu, bakuli linajaa, linazama: dakika 24, yaani ghati moja, zimekwisha. Mlinzi wa saa anagonga upatu, anamwaga maji, analielesha tena, mara 60 mpaka jua lichomoze upya. Naam, hesabu yaanzia kuchomoza kwa jua, kama saa zetu za mchana. Ghati mbili ni muhurta. Ghati moja ina pala 60, na pala moja ni pumzi 6, kila pumzi sekunde 4. Chini zaidi kuna nimesha, kufumba na kufumbua.

Ukipanda juu, akili inachoka. Kali Yuga, zama tulizomo, ilianza mwaka 3102 KK kwa hesabu ya wanafalaki wao, na itadumu miaka 432,000. Zama zote nne ni miaka 4,320,000. Zizidishe mara elfu, upate mchana mmoja tu wa Brahma, mungu wao muumbaji. Usiku wake nao ni mrefu vilevile.

Na pamoja na mabilioni yote hayo, leo mwenye duka anatupia jicho saa ya ukutani, asije akapitwa na muhurta, hapa ikiwa saa ya heri, ya kumwabudu Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri. Daftari jipya la hesabu, jalada jekundu, liko wazi ukurasa wa kwanza: Shubh upande huu, Labh upande ule, yaani heri na faida. (Siku hizi hata kompyuta hupakwa tilaki, alama ya baraka; sioni ubaya, hesabu ni hesabu.) Soko la hisa la Mumbai, ambalo siku hiyo ni mapumziko, hufunguliwa kama saa moja hivi kwa ajili ya muhurta hiyohiyo.

Basi madaftari yenu yafunguke kwa heri, wadeni wenu walipe bila kusukumwa, na chevda isiishe kabla hatujabisha hodi.