Diski iliyoklonwa ikikataa kubuti, msikimbilie kuifomati

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wetu wa kompyuta hapa Mombasa, na pia na wateja wao, kuhusu jambo linaloniuma sana. Laptopu nyingi tunazonunua huku ni za mitumba za kutoka ng'ambo, zaja na hadidiski ya zamani ile ya kuzunguka, na mtu akishachoka kungoja dakika kumi iwake anaipeleka mjini awekewe SSD, diski ya kisasa ya kasi isiyozunguka. Hilo ni jambo zuri kabisa. Fundi anakloni, yaani ananakili diski ya zamani vile ilivyo kwenda kwa mpya, anafunga skrubu, anawasha, skrini nyeusi inaandika No Bootable Device, yaani hakuna diski ya kubutia (kuwashia Windows), basi hapo hapo wasikia "hii SSD yako mbovu" ama "kloni imekataa, wacha nikupigie Windows mpya." Na ikipigwa mpya, ile programu ya mahesabu ya duka iliyowekwa na mtu ambaye saa hizi hata hapatikani kwa simu, imeenda. Jamani hiyo si haki, maana mara nyingi SSD haina neno na mafaili yote yamo ndani, kilichokosekana ni njia tu ya kompyuta kuifikia hiyo Windows.

Kwanza kabisa angalieni kama imeklonwa diski nzima au C peke yake, ile sehemu yenye Windows. Kwenye kompyuta zinazotumia UEFI, ule mtindo mpya wa kuwasha mashine, kuna kapatisheni kadogo (kasehemu ka diski) kamejificha, mara nyingi ni MB 100 hivi na kamefomatiwa FAT32, ndimo mnamokaa faili za kubutia. Ukinakili C tu ukakaacha hako nyuma, umehamisha nyumba bila mlango. Na dawa yake haihitaji kufuta chochote, wachukua flashi yenye Windows ya kuinstolia, wabuti nayo, waingia upande wa kurekebisha mpaka kwa komandi, unatumia diskpart kuipa ile patisheni ndogo herufi, tuseme S, halafu waandika bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI na umemaliza. Lakini hakikisha kwanza Windows yenyewe iko herufi gani maana ukibuti na flashi C yaweza kugeuka ikawa D, hapo wengi hukwama bure. Na kama hako kapatisheni hakapo kabisa basi itabidi ukatengeneze ama ukloni upya diski nzima, bado data ya mtu haijaguswa.

La pili ni MBR na GPT, mtindo wa zamani na mpya wa kugawa diski, na hili ndilo naliona sana. Diski ya zamani ilikuwa MBR na mashine ilikuwa ikibuti kwa mtindo wa zamani, sasa mtu kakloni vile vile ilivyo akaipachika kwenye mashine iliyosetiwa UEFI tupu, haiwezi kuiona. Ingia kwenye BIOS, ile menyu ya mashine yenyewe, uangalie setingi kabla hujamlaumu mwenye duka aliyekuuzia SSD. Ikiwa mpya ni NVMe, aina ya SSD ya kasi zaidi, basi mashine nyingi haziwezi kubuti NVMe kwa ule mtindo wa zamani hata ufanyeje, hapo yafaa uigeuze kuwa GPT, na Windows 10 tangu toleo la 1703 la mwaka 2017 ina kifaa chake mwenyewe kinaitwa mbr2gpt, ambacho hakifuti mafaili, tena ukianza na mbr2gpt /validate kinakwambia kama itawezekana au la. Na sloti ya M.2, ile ya kupachika SSD ndogo nyembamba, isiwadanganye, kuna M.2 za SATA (mtindo wa zamani zaidi) na kuna za NVMe, zafanana kwa macho lakini mashine nyingine yakubali aina moja tu.

Kuna kosa jingine, kuwasha mara ya kwanza na diski zote mbili zikiwa ndani. Kloni inabeba mpaka kitambulisho cha ile ya zamani, Windows ikiona mbili zenye kitambulisho kimoja moja inaizima, ama inaibadilisha kitambulisho na hapo ndio waja kuona kosa la kubuti lenye namba 0xc000000e. Toeni ya zamani, washeni na mpya peke yake. Na msiijaribu kloni ikiwa bado kwenye kasha la USB, Windows ya kawaida haikuwekwa ibuti kupitia USB, ikikataa hapo haimaanishi kloni imeharibika, ipachikeni ndani kwanza ndio mhukumu. Ikianza kuwaka kisha ikazimika na Inaccessible Boot Device, tazameni BIOS kama iko AHCI au RAID, namna mbili za mashine kuongea na diski, irudisheni ilivyokuwa kabla, mara nyingi yatulia.

Wenye laptopu za ofisini nao, kabla hamjapeleka angalieni kama BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data ya diski, imewashwa, na mkiwa nayo mtoe ile namba ya kuifungulia ya tarakimu 48 muiandike mahali. Fundi hana namna ya kuivuka bila hiyo, hapo msimgombeze.

Sasa ombi langu kwa mafundi. Diski ya zamani msiiguse mpaka ile mpya iwake mbele ya macho ya mteja, na mkishamaliza mumpe mkononi kwake. Nasikia vibaya sana nikiona hadidiski za watu zimerundikwa ndani ya boksi la kuuzwa na picha za harusi na vitambulisho vimo humo humo, Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019 na hata bila sheria ile ni mali ya mtu. Kama diski ya zamani imeanza kugonga gonga au kukwama kwama, semeni ukweli, nakilini mafaili muhimu kwanza kabla ya kuklonia, kwa sababu kuklonia diski inayokufa ndiko kunakoimaliza. Na mteja, ukikabidhiwa, weka ile ya zamani nyumbani kwa mwezi mzima hivi huku ukitumia mpya, ukiona kila kitu kiko ndipo uifute.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa