Risala ya Wahitimu wa Stashahada ya Afya na Uzalishaji wa Mifugo kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Wakufunzi wetu,
Wazazi, walezi na wageni waalikwa,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kukubali kuwa nasi katika mahafali haya. Tumeona vyema risala yetu ya leo ijikite katika jambo moja, yaani nafasi ya tabia na ustawi wa wanyama katika mafunzo ya fani yetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulipokuwa kijijini kwa mafunzo kwa vitendo, tuliitwa kumtazama ng'ombe aliyekuwa amesusa malisho. Vijana sita walimfunga kamba wakamwangusha, nasi tukampima joto tukakuta nyuzi 39.6, huku akihema kwa kasi, tukaandika homa na kuanza kubishana juu ya dawa. Mkufunzi aliyetusimamia hakutukaripia. Aliagiza kamba zifunguliwe, ng'ombe arudishwe kwa wenzake chini ya mwembe, na sisi tukae kando saa nzima tukimtazama tu. Tulipompima tena, safari hii akiwa ameshikwa na mwenyewe aliyemzoea, joto lilikuwa nyuzi 38.8, ambalo ni la kawaida kwa ng'ombe. Katika kule kumtazama ndipo tulipoona kwamba hakuwa akiukanyagia vizuri mguu wa nyuma wa kushoto, na katikati ya kwato zake mlikuwa na mwiba. Ile homa tuliitengeneza sisi wenyewe kwa kamba na makelele, na laiti tungemdunga dawa, mfugaji angelipia sindano na kumwaga bure maziwa ya siku kadhaa yenye masalia ya dawa.

Tangu siku hiyo somo la tabia za wanyama tuliliona kuwa sehemu ya uchunguzi wa ugonjwa. Mnyama anayewindwa porini hurithi desturi ya kuficha maumivu, na punda ni hodari sana kwa hilo: akiumwa tumbo mara nyingi hagaagai kama farasi, bali hunyamaza, huinamisha kichwa na kuacha kula, na asiyejua humwita mvivu. Wahenga walisema punda afe mzigo wa bwana ufike. Sisi tunaopelekewa punda huyo tumekwisha kuona mzigo ulivyofika na mgongo ulivyobaki.

Darasani tumefundishwa zile haki tano za ustawi zilizotungwa nchini Uingereza mwaka 1979, ambazo ni mnyama kuepushwa na njaa na kiu, adha ya mazingira, maumivu na maradhi, hofu na dhiki, na kuachwa aishi kwa tabia yake ya asili. Tumefundishwa pia kwamba nchi yetu, Tanzania, ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008. Kwa ukweli, wengi wetu tulivikariri vyote hivyo kwa ajili ya mtihani. Hakuna aliyetupima kama tunaweza kumsogeza ng'ombe kwa kusimama nyuma kidogo ya bega lake, mahali ambapo humfanya asonge mbele bila kiboko, ilhali tukienda minadani na machinjioni hilo ndilo litakalotakiwa kwetu. Ng'ombe aliyehangaishwa na kupigwa kabla ya kuchinjwa humaliza sukari iliyohifadhiwa katika misuli yake, na nyama yake hutoka nyeusi, yenye kunata na kuoza upesi, hivyo hasara huanza kwa mswaga ng'ombe ikaishia buchani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi letu la kwanza na kubwa ni kibanio cha ng'ombe hapa chuoni, yaani kizimba chembamba cha kumshikilia mnyama akiwa amesimama bila kuangushwa. Kwa sasa tunajifunza kwa kamba na nguvu za vijana, na mwenye nguvu kidogo hubaki kushika daftari. Wasichana wa darasa letu wanalijua hilo kuliko mimi ninayesoma. Pamoja na kibanio tunaomba sanamu za kujifunzia kupima mimba kwa mkono, ili ng'ombe mmoja asiingiziwe mikono ya wanafunzi ishirini asubuhi moja.

Ombi la pili halina gharama kubwa. Tunaomba wafugaji wazee waalikwe kufundisha vipindi vichache. Mfugaji anayemwachia ndama anyonye kwanza, akamwita ng'ombe kwa jina lake ndipo akamue, anajua kwa uzoefu kile tulichosoma kwa jina la oksitosini, yaani homoni inayoshusha maziwa, na anajua pia kwamba ng'ombe aliyetishwa huyazuia maziwa. Wapo miongoni mwetu walioona aibu kumuuliza mzee asiye na cheti, na hilo tunakiri kuwa lilikuwa kosa letu, si la chuo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala hii imesomwa mbele yako kwa niaba ya wahitimu wote.

Tunaomba kuwasilisha.