Mama, mpe ufunguo wa banda

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na wote walio hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeanza mapema mwaka huu na zamu za usiku zinanimaliza. Najua utashangaa kuletewa barua wakati tunaongea kwenye simu kila Jumapili. Simu hainitoshi. Nikianza jambo zito mtandao unakatika, au mtoto anakunyang'anya simu, au mimi mwenyewe naingiwa na woga nikisikia sauti yako imebadilika. Karatasi haina sauti. Naomba unisome mpaka mwisho, kisha unigombeze.

Ni kuhusu mjukuu wako, somo yako. Jumapili iliyopita nilimuuliza, sare ya shule nani kafua? Akasema Bibi. Viatu je? Bibi. Na lile daftari alilolisahau Jumatano, nani alimpelekea shuleni? Bibi, kwa miguu, na goti lako lile! Alisema kwa furaha kabisa, hakuona ubaya wowote. Nilipokata simu usingizi uliniruka. Mtoto ana miaka kumi, Mama, anaijua simu yako kuliko unavyoijua mwenyewe, lakini hapo nyumbani hakuna kitu hata kimoja ambacho kingeharibika yeye asipoamka asubuhi.

Nianze kujilaumu mimi. Mimi ndiye niliyesema asome tu, asichoshwe. Mimi ndiye niliyetuma fedha za msaidizi wa kazi. Mimi na mama yake tuko mbali, na aliye mbali hulipa deni la kutokuwepo kwa kumwondolea mtoto kila mzigo. Wewe nawe unamwonea huruma kwa kuwa wazazi wake hawapo. Hatukukaa kikao, lakini tumeshirikiana vizuri sana kumfanya mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

Unawakumbuka kuku wa Babu?

Nilikuwa na miaka tisa. Babu alinivalisha kamba shingoni, ina ufunguo wa banda, akasema: "Kuanzia leo kuku ni dhamana yako. Jua likizama wawe ndani, umewahesabu, na kufuli limefungwa." Basi. Hakuniuliza tena. Nilisubiri aniulize jioni ile, na ya pili yake, na ya tatu, nimwambie kwa majivuno kwamba nimefunga. Hakuuliza hata siku moja, na mimi nikaanza kuamka usiku kwenda kulivuta lile kufuli nihakikishe.

Wiki tatu nilifunga. Siku moja mpira ukanoga mpaka giza, nikarudi, nikaoga, nikalala. Alfajiri kicheche alikuwa ameshamaliza shughuli yake. Kuku kumi na mmoja, na manyoya yametapakaa mpaka mlangoni kwako. Wewe ulitoka na fimbo. Sikusemi kwa ubaya, hasara ilikuwa yako pia. Babu akakuzuia kwa mkono, akanipa jembe. Nilichimba shimo nyuma ya banda, akanihesabisha mmoja mmoja kwa sauti nikiwafukia. Hakuongeza neno. Nilipomaliza nikavua ile kamba nikamrudishia, maana nilijua kwangu mambo yamekwisha. Akautazama ufunguo kama kitu kigeni.

"Huu wa nini? Hawa saba waliobaki nani atawafungia?"

Ukamwambia, "Baba, mtoto huyu atawamaliza wote." Naye akakujibu, "Ukimnyang'anya leo, utamfungia kuku mpaka lini?"

Miaka thelathini imepita tangu siku ile. Sijasahau kufunga kitu tena, lakini zaidi ya hapo sijasahau jinsi ufunguo ule ulivyokuwa mzito uliporudi shingoni. Mara ya kwanza niliuvaa kama pambo.

Mwezi uliopita nilimkumbusha Dada kisa hiki, nikitegemea tucheke. Hakucheka. Akasema, "Wewe ulipewa dhamana, mimi nilipewa kazi." Nikanyamaza. Ni kweli, yeye alifagia, alifua, aliosha vyombo, alitubeba mgongoni mmoja baada ya mwingine, na hakuna siku aliyovishwa ufunguo wowote. Alitumwa tu. Akimaliza, anatumwa tena. Kwa hiyo nisimfanye Babu malaika. Alijua kulea wajukuu wa kiume, wa kike aliwaacha wajilee kwa jasho. Lakini neno la Dada limenifumbua macho. Kutumwa na kukabidhiwa ni mambo mawili. Anayetumwa akili yake inabaki kwa aliyemtuma: atakumbushwa, ataulizwa, atasimamiwa. Aliyekabidhiwa hana wa kumtegemea akisahau. Sikuombi umjaze mtoto kazi mpaka akonde, Mama. Naomba umkabidhi jambo moja.

Nimejiuliza sana kwa nini Babu aliliweza hili na wewe wakati ule hukuliweza, na mimi leo nisingeliweza. Nadhani ni haraka. Mzazi anataka kuku wawe salama usiku wa leo, kwa sababu kesho kuna ada na kodi na madeni. Babu alikuwa ameshawahi kupoteza vitu vikubwa kuliko kuku kumi na mmoja. Alikuwa tayari kununua mtu kwa bei hiyo. Hapo ulipo sasa, Mama, ndipo alipokuwa yeye, lakini naona umechukua huruma yake ukaacha ule moyo wake mgumu. Ukinikumbusha kwamba mimi ulinilea kwa fimbo, nitakujibu kwamba na wewe hunitambui ninavyomdekeza huyu kwenye simu. Methali inasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Bibi hakutajwa kabisa. Labda wahenga walikuwa wanawajua.

Mwaka jana kwenye mafunzo ya kazi tulifundishwa habari za uzee, na mwalimu akatuletea kisa cha Wahadzabe wa huko karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania. Darasa zima likanigeukia mimi, kana kwamba ni shangazi zangu. Basi, katika miaka ya 1980 mtaalamu mmoja wa Marekani, Kristen Hawkes, na wenzake walikaa na Wahadzabe wakipima nani anatafuta chakula kwa muda gani na analeta kiasi gani. Wakakuta wanawake wazee wanachimba mizizi porini bila kupitwa na vijana. Wakapima na watoto. Mama akishajifungua mwingine, hali ya yule aliyeachishwa ziwa ilikwenda sambamba na kazi ya bibi: bibi akichimba sana, mjukuu anaongezeka uzito. Kutokana na hayo Hawkes na wenzake wakajenga hoja kwamba labda ndiyo sababu mwanamke huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa, kwamba bibi ana kazi yake katika kuendelea kwa ukoo. Wataalamu wengine wanaibishia hoja hiyo mpaka leo.

Wenzangu walifurahia habari ya bibi. Mimi kilichonibakia kichwani ni jambo ambalo mwalimu alilipitia haraka, kwamba watoto wa Wahadzabe nao huokota matunda na kuchimba vimizizi tangu wakiwa wadogo. Yule bibi anayechimba hajazungukwa na wageni wanaosubiri kuletewa. Ana wenzake kazini, wengine wanamfika kiunoni tu.

Tarehe 1 Oktoba ilikuwa Siku ya Kimataifa ya Wazee. Umoja wa Mataifa uliiweka mwaka 1990, na hapa ninapofanya kazi ya kutunza wazee huiadhimisha kwa maputo. Wajukuu walikuja wengi, wamependeza, wana adabu. Walikumbatia, walipiga picha, wakauliza afya. Ilipofika nusu saa maneno yakawa yameisha, kila mmoja akazama kwenye simu yake, na wazee wakabaki wanawatazama kwa upendo kama mtu anavyotazama televisheni iliyozimwa sauti. Hakuna aliyekosea. Hawakuwa na jambo lolote kati yao, hilo tu.

Isipokuwa mmoja. Kuna mzee ana saa ya ukutani ya zamani, ile ya kutiwa ufunguo, inayokwenda siku nane kisha inasimama. Mikono yake haifiki tena, kwa hiyo amemkabidhi mjukuu wake wa miaka kumi na nne. Kila Jumamosi kijana anakuja, anaitia ufunguo, anailinganisha na saa ya mkononi ya babu yake, wanabishana kidogo kuhusu dakika mbili tatu, halafu mazungumzo yanaendelea yenyewe mpaka jioni. Mwezi wa nane kijana alikosa Jumamosi moja, na kesho yake saa ikasimama. Nikapanda kiti niitie ufunguo. Mzee akanifokea, mara ya kwanza na ya pekee tangu nimjue: "Iache. Si yako." Siku sita ile saa ilikaa ukutani imekufa, kila anayeingia anauliza. Kijana alipokuja akaitazama, akamtazama babu yake, akachukua ufunguo. Sikusikia akiulizwa kitu. Nikatoka nje ya chumba, nilikuwa nanusa manyoya ya kuku.

Kuna jingine, Mama, na hili ndilo gumu zaidi kulisema.

Kuna wataalamu wawili wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, Marshall Duke na Robyn Fivush. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliandaa maswali 20 ya kuwauliza watoto kuhusu familia zao: unajua bibi na babu yako walikulia wapi? Unajua wazazi wako walikutanaje? Unajua janga lolote lililowahi kuipata familia yenu? Wakaona kwamba watoto wanaojua zaidi ndio kwa kawaida wanaojiamini zaidi na kuona maisha yako mikononi mwao. Lakini Duke alionya kwamba kumkaririsha mtoto majibu hakusaidii kitu. Kinachofanya kazi ni ule ukaribu wa kukaa na kusimuliana miaka na miaka, na katika familia nyingi msimulizi mkuu ni bibi. Tena wakasema hadithi inayomfaa mtoto ni ile yenye kupanda na kushuka, tulipata, tukapoteza, tukasimama tena.

Nikamjaribu somo yako kwenye simu kwa maswali machache. Kuhusu Babu mkuu alinijibu upesi: alikuwa mtu mwema, kila mtu alimheshimu. Nikauliza, aliwahi kupatwa na shida? Akasema hapana. Mama! Umemsimulia nini mtoto huyu? Humwambii kwamba Babu alimdhamini rafiki yake, rafiki akatoroka, na shamba likaenda? Kwamba alilipa deni la mtu mwingine miaka sita, na watu wakamcheka kwa kutokukimbia kama mwenzake? Najua inakuuma. Najua wewe ndiye uliyeacha shule kwa ajili ya deni lile, na labda ndiyo sababu unaruka ukurasa huo. Lakini bila hiyo, heshima ya Babu inakuwa kama ya mtu aliyeokota. Mimi niliipata habari hii nikiwa mtu mzima, tena kwa jirani, na siku ile ndipo nilipoelewa kwa nini neno "dhamana" lilitoka kinywani mwake zito namna ile, hata kwa kuku.

Msimulie wewe. Usingoje awe mkubwa. Msimulie mkiwa mnafanya jambo lingine, mikono ikiwa na kazi, kwa sababu ukimkalisha chini na kusema "leo nakufundisha" atakwambia ndiyo Bibi na akili itakuwa nje. Na umwambie pia kwamba ulikasirika.

Sasa ombi langu. Wale kuku sita unaowafuga, mkabidhi yeye. Nimeshazungumza na msaidizi asiwaguse, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi nimemwona anafurahi. Usimkumbushe mtoto jioni. Usimwambie "leo usisahau", na usiamke usiku kwenda kumfungia kimyakimya ukadhani hatajua, watoto wanajua. Siku atakayosahau, na atasahau tu, gharama ya kuku ni juu yangu. Usimpige, usimsute mbele ya watu, na tafadhali usiuchukue ufunguo. Daftari akiliacha nyumbani, libaki nyumbani. Goti lako lipumzike.

Itakuwia vigumu, najua, kumwangalia anakosea ukiwa umekaa kibarazani na uwezo wa kumwokoa unao. Jumapili nikipiga simu usinipe habari za kuku, nzuri wala mbaya. Mwache aniambie mwenyewe.

Msalimie Dada, mwambie barua yake naye iko njiani, ndefu kuliko hii, maana kwake nina deni la kuomba radhi. Wajukuu wengine wote wasalimie. Mama yake mtoto anakuamkia.

Ufunguo wa banda naamini bado unaning'inia msumarini nyuma ya mlango wa jikoni. Kamba ibadilishe kabla hujamvisha. Ile ya zamani ilikuwa inakata shingo.

Ni mimi mwanao.