Dawa moja, majina mawili

Mhariri,

Mama mkwe wangu ana miaka 71 na humeza amlodipini ya presha, kidonge kimoja cha miligramu 10 kila asubuhi. Mwezi jana dawa zilikosekana kliniki, tukanunua kwenye kemisti hapa Kondele pakiti yenye jina jingine. Kliniki ilipopata, akapewa zake. Mama akaamini ana dawa mbili. Jumapili moja alimeza zote mbili saa moja asubuhi, kisha kwa sababu kichwa kilimgonga, akarudia.

Nilipohesabu vidonge saa mbili, alikuwa ananimenyea viazi huku akisimulia habari za kanisa. Jirani alisema nimtapishe, mwingine nimpe maji ya chumvi. Mume wangu, kwa simu, alisema nimwache apumzike, kwani si anaongea vizuri? Nilikaribia kumsikiliza. Nashukuru niliita tuktuk, nikabeba na pakiti zote.

Daktari alizisoma, akanionyesha herufi ndogo chini ya kila jina la biashara: amlodipini, amlodipini. Kwa kuwa tuliwahi, walimnywesha mkaa wa dawa, unaonasa dawa tumboni kabla haijafyonzwa. Akaniambia dawa hii hufyonzwa polepole, kilele chake huja baada ya saa 6 hadi 12, kwa hiyo hatakwenda nyumbani hata akijisikia mzima. Saa nane mchana mama alisema anaona giza. Presha ilikuwa imeshuka mno: namba ya juu ilisoma 78. Wakamlaza, wakamwekea maji ya mshipani, kisha kalsiamu. Sukari nayo ilipanda, ilhali hana kisukari. Nilielezwa ni dalili ya kuzidisha dawa hii, na kwamba moyo ukilegea zaidi mgonjwa hupewa insulini nyingi pamoja na glukosi. Hatukufika huko. Alikaa siku tatu, maana nusu tu ya dawa hii huchukua saa 30 hadi 50 kutoka mwilini.

Ningemwacha alale, angelala wapi saa nane hiyo?

Ombi langu ni kwa wauza dawa. Bahasha ya kaki tuliyopewa ilikuwa na “1x1” tu. Andikeni jina la dawa yenyewe kwa herufi kubwa, na maneno haya: ya presha, kimoja kwa siku, usichanganye na nyingine ya jina hili. Mtuulize pia kama nyumbani kuna watoto, kwa sababu kidonge kimoja au viwili vya aina hii vinaweza kumuua mdogo anayejifunza kutembea. Mjukuu wa mama ana mwaka mmoja na nusu, na bahasha ile ilikuwa chini ya mto.

Mkazi wa Kondele,
Kisumu