Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa jimbo la Haut-Katanga, Kongo: pakiti isiyo na jina

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu pakiti za dawa za Kichina zinazouzwa bila jina, nikiwa Katuba, hapa Lubumbashi, nyumbani kwa yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, kifungua mimba wa mama yetu. Leo asubuhi amefunga vifungo vya blauzi yake kwa mikono yake mwenyewe. Vifungo sita. Tulisimama mlangoni tukimhesabia.

Yaya ana baridi yabisi. Mtaani tunasema rimatisimu, lakini hii si ile ya uzee wala ya baridi ya mwezi wa sita. Munganga (nasema yule wa hospitali, maana kwetu neno ni moja) alitueleza kwamba askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupiga vijidudu, wamegeuka na kupiga viungo vya mwenye mwili. Majirani walisema amelogwa. Hayo nayaacha.

Munganga aliandika metotrekseti, vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki. Famasia ya kwanza hawana. Ya pili wanavyo, ila tarehe yake inakaribia kwisha. Ya tatu walitutajia bei tukaaga kwa adabu. Ndipo mtu akatuelekeza kwenye duka la dawa za Kichina. Tulipewa pakiti za unga wa kahawia zilizoandikwa Kichina kitupu, na kijana aliyetuuzia, mtoto wa hapa hapa, akasema, "Mama, hii ni majani tu, haina kemikali."

Sitakuficha: wiki ya kwanza tulimshukuru Mungu. Vidole vililegea, akasonga bukari mwenyewe, akaenda kanisani kwa miguu. Hivyo kwa miezi mitano. Uso wake ulijaa ukawa duara kama mwezi, nasi tukafurahi kwamba amenenepa. Sukari ikapanda, tukalaumu soda. Halafu dukani unga ukaisha. Siku ya nne yaya hakuweza kuinuka kitandani, anatapika, presha iko chini kabisa.

Hospitalini munganga aliutazama ule uso kuliko alivyotazama viungo. Akasema hizi ni dalili za mtu aliyemeza kotisoni, dawa kali ya hospitali ya kutuliza uvimbe, muda mrefu kisha akaiacha ghafla: mwili unazoea kuletewa, tezi zake zinalala, na siku msaada unapokatika haziwahi kuamka. Sisi hatujawahi kuandikiwa kotisoni. Kuapa kwamba ilikuwa ndani ya unga hakuweza, kwa sababu unga haukupimwa. Lakini jambo lenyewe si geni. Huko Taiwan watafiti walipima sampuli 2,609 za dawa za Kichina, wakachapisha matokeo yao mwaka 1997: karibu robo zilikuwa zimechanganywa na dawa za kisasa bila mgonjwa kuambiwa.

Sasa, Mheshimiwa, nakuomba sana, usisome barua hii ukatuma polisi Jumatatu wafunge maduka. Tunajua mwisho wake: pakiti zitachukuliwa, na wiki ijayo tutazikuta zinauzwa kwenye mlango mwingine kwa bei ya juu.

Tena dawa ya Kichina si uongo. Mtoto wako akipata malaria anapewa vidonge ambavyo asili yake ni qinghao, jani ambalo Wachina wamelitumia kwa homa tangu zamani. Mama Tu Youyou alipewa Nobel mwaka 2015 kwa kutoa ndani ya jani hilo kitu chenyewe kinachoua malaria. Hata kwa ugonjwa wa yaya upo mmea, unaitwa lei gong teng. Katika jaribio la China lililochapishwa mwaka 2014, wagonjwa wa baridi yabisi walipewa dawa ya mmea huo kwa miezi sita, na haikushindwa na metotrekseti, ile ile tuliyoikosa famasia.

Lakini majani ya mmea huo huo ni sumu, maua yake ni sumu, na ganda la mzizi ni sumu. Hata sehemu inayofaa inaweza kudhuru ini na figo, kupunguza mbegu za mwanaume na kukatiza hedhi ya mwanamke, pengine moja kwa moja. Anayeandikiwa anatakiwa kupimwa damu mara kwa mara. Fikiria msichana wa miaka 24 pale Kampemba, ameolewa juzi, viungo vinamuuma, anauziwa "majani tu". Baada ya mwaka mama mkwe ataanza maneno. Atarudishwa kwao na godoro lake, na hakuna atakayeikumbuka pakiti.

Ndiyo maana nakazania jina. Brussels, miaka ya mwanzo ya 1990, wanawake waliotaka kupungua walipewa vidonge ambavyo ndani yake ilipaswa kuwamo fangji, mmea wa dawa za Kichina. Kilichoingia kilikuwa guang fangji, mmea mwingine kabisa, wenye sumu ya figo. Wanawake zaidi ya 100 waliharibikiwa figo, na baadaye wengine wakapata saratani ya njia ya mkojo. Hao ni Wabelgiji, Mheshimiwa, watu waliowafundisha babu zetu kuandika kila karatasi nakala tatu.

Ninachoomba ni hiki: pakiti isiuzwe Haut-Katanga bila kuandikwa, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, jina kamili la mmea, sehemu ya mmea iliyotumika, na jina la aliyeiingiza nchini. Na wakaguzi wako wachukue sampuli. Usiniambie hatuna uwezo. Shaba yetu haivuki mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa kabla haijachukuliwa sampuli na kupimwa, kobalti ni asilimia ngapi tunajua. Kinachovuka mpaka na lori tunakipima, kinachoshuka tumboni mwa yaya hakuna anayekipima. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha famasia, na kutafuta kotisoni ndani ya unga si kazi ya miujiza. Wape vifaa na wape unga.

Kuhusu metotrekseti kukosekana, unajua kuliko mimi.

Na wauguzi wafundishwe kuuliza "unakunywa nini kingine?" bila kufoka. Yaya alikuwa anaficha pakiti chini ya mto kila tulipokwenda hospitali, mama mwenye wajukuu, kama mtoto aliyeiba sukari. Angeulizwa kwa upole mwezi wa pili, tusingefika mwezi wa tano.

Baadaye tulikuta pakiti tatu zilizokuwa zimesahaulika. Nimezifunga ndani ya chupa kavu, haziguswi na mtu. Siku utakayotaja nitazileta ofisini kwako, na anayetaka kuzipima azipime mbele yangu.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Katuba, Lubumbashi