Chokoleti ziandikwe Kiswahili

Mhariri,

Mwanangu ana mzio wa maziwa, basi kila sikukuu nasimama dukani nikisoma karatasi za chokoleti kama mtu anayesaini mkataba. Hata chokoleti nyeusi si ya kuaminiwa: mara nyingi hupita kwenye mashine zilezile za chokoleti ya maziwa. Na maandishi? Kiingereza, Kiarabu, hata Kituruki. Kiswahili hakuna.

Ulaya, tangu Desemba 2014, sheria inataka vitu 14 viletavyo mzio, maziwa na karanga vikiwemo, viandikwe kwa maandishi yanayojitokeza kwenye orodha ya viambato. Sisi tunaolima kakao Kyela tunashindwa nini?

Kwa sasa namnunulia kashata za nazi, nikishamuuliza mama muuzaji kama hakutia maziwa. Hunicheka, lakini hujibu.

Mzazi,
Dar es Salaam