Barua ya wazi kwa halmashauri za vijiji: hesabuni watu kabla ya kugawa ardhi

Wanangu mliochaguliwa Novemba 2024 kuongoza vijiji na vitongoji vya Tanzania, nanyi watendaji mnaoandika mihutasari ya vikao vyao, salaam.

Kipindi chenu kinaisha 2029. Katika miaka hiyo mitano mnaweza kujenga au msijenge, mnaweza kuelewana au mkagombana, lakini watu wataongezeka tu. Sensa ya 1967 iliikuta nchi hii ina watu milioni 12.3. Ile ya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ikakuta 61,741,120. Ni mara tano, na wapo wazee waliohesabiwa zote mbili ambao bado wanashika jembe. Kati ya 2012 na 2022 tuliongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka, mwendo ambao hufanya watu kuwa mara mbili katika miaka 22 hivi. Mipaka ya vijiji vyenu vingi ina asili yake katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, serikali ilipowakusanya watu waishi vijijini, na ardhi iliyomo ndani yake ni ile ile.

Siwatumi mkawatishe watu, wala mkawaambie wazae wangapi. Nawaomba mjue mna watu wangapi, wa umri gani, na wanakuja wangapi, kisha mpange kwa hesabu hiyo. Vijiji vingi havijui. Ukiuliza ofisini unapewa namba ya sensa iliyopita, au makisio aliyoyaandika mtendaji siku ya kutafuta chakula cha njaa, ambayo huwa makubwa, au siku ya kukusanya michango, ambayo huwa madogo.

Anzeni na daftari la wakazi. Nunueni kauntabuku moja kwa kila kitongoji na moja ya ofisi ya kijiji. Kila kaya ipewe ukurasa wake, na kama nyumba ilipata namba katika zoezi la anwani za makazi la 2022, itumieni hiyo hiyo. Kwa kila mtu andikeni jina, jinsi, mwaka wa kuzaliwa, tarehe aliyoingia kijijini kama si mzaliwa, kama ana cheti cha kuzaliwa, na nafasi ya kuandika tarehe ya kuhama au kufariki. Andikeni mwaka wa kuzaliwa, msiandike umri. Umri ulioandikwa leo mwakani ni uongo, na daftari lenye umri hulazimika kuanzwa upya kila mwaka mpaka watu wanachoka na kuliacha.

Kazi hii ni ya mwenyekiti wa kitongoji. Msiiache kwa balozi wa nyumba kumi, kwa sababu huyo ni wa chama cha siasa, na asiye wa chama chake atafunga mlango au atakosa kuandikwa. Kitongoji cha kaya 100 humalizika kwa siku nne au tano akiwepo mtu wa kuandika na mtu wa kuuliza. Baada ya hapo ni kusahihisha kila mwezi, saa chache tu.

Makosa yanayoharibu daftari yanajulikana. Mume mwenye wake wawili huandikwa nyumba zote mbili. Mjukuu anayelelewa na bibi huandikwa kwa bibi na kwa mama yake aliyeko mjini. Vijana walioko Dar es Salaam au Mwanza huandikwa kwa sababu wazazi wanaona aibu kusema wameondoka. Na upande wa pili, mtoto mchanga haandikwi mpaka atimize siku arobaini, mwenye ulemavu hufichwa chumbani, na mfugaji aliyeingia juzi na familia yake kule porini hahesabiwi kabisa, ingawa anakunywa maji yale yale. Kanuni iwe moja: anaandikwa mahali anapolala kwa muda mwingi wa mwaka. Waambieni watu mapema, kwenye mkutano, kwamba daftari hili si la michango. Siku mtakapolitumia kudai mchango, kaya zitaanza kupungua kwenye karatasi.

Mkishakuwa nalo mwaka mzima, mnaweza kujua kijiji chenu kinakua kwa kasi gani badala ya kuazima asilimia ya taifa. Tuseme mlianza na watu 3,000. Wamezaliwa 105, wamefariki 18, wamehamia 60, wamehama 75. Mmeongezeka 72, sawa na asilimia 2.4. Gawanya 70 kwa 2.4: mtakuwa mara mbili katika miaka 29. Vijiji vya pembezoni mwa miji na vile vyenye machimbo au mashamba mapya hukua haraka kuliko hapo, na vile ambavyo ardhi imeshabana, kama vya Kilimanjaro ambako vihamba, yaani mashamba ya ukoo, vimegawanywa mpaka vingi havifiki hekta moja, hutoa vijana kuliko vinavyopokea. Hamwezi kupanga kijiji cha aina moja kwa hesabu ya kingine.

Shuleni hesabu ni nyepesi kwa sababu mtoto hachipuki ghafla. Aliyezaliwa 2025 ataingia darasa la kwanza karibu na 2031, kwa hiyo mna miaka sita ya kumsubiri. Tukirudi kwa kijiji cha watu 3,000: watoto 105 wa mwaka mmoja, ukitoa waliofariki na waliohama na kuongeza waliohamia, tuseme wanafika shuleni 95. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba. Hapo kila darasa linahitaji walau mikondo miwili, tena ikizidi kiwango kidogo, na kwa elimu ya msingi ya miaka sita ni vyumba 12, kabla ya awali. Shule yenye vyumba saba inawapa watoto hawa zamu, au mkuyu. Choo nacho: tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule ya wanafunzi 570, nusu kwa nusu, inataka matundu 15 ya wasichana na 12 ya wavulana. Mkipungukiwa, anzeni na ya wasichana na yawe na maji, kwa kuwa msichana aliyevunja ungo akikosa faragha hukaa nyumbani siku za hedhi, na anayekosa siku nne kila mwezi huishia kuacha.

Liko jambo la karibu zaidi. Mtaala mpya, ambao elimu ya msingi inaishia la sita badala ya la saba, ulianza 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, na hao wa la tatu watamaliza la sita mwaka 2027, pamoja na darasa la saba la mwisho. Januari 2028 makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja. Fungueni daftari sasa, hesabuni watoto wenu wa makundi hayo mawili, mpeleke namba kwenye kamati ya maendeleo ya kata, maana sekondari ni ya kata. Chumba cha darasa hakijengwi Desemba kikatumika Januari.

Maji kwa kifupi. Sera ya Maji ya 2002 ililenga lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400, na kituo kimoja cha kuchotea kwa watu 250. Watu 3,000 ni vituo 12 na lita 75,000 kwa siku. Kisima kinachotoa lita 5,000 kwa saa, pampu ikifanya kazi saa nane, kinatoa lita 40,000. Kwa hiyo mkisikia mradi umekamilika, ulizeni RUWASA, wakala wa maji vijijini, kisima kinatoa lita ngapi kwa saa, na mlinganishe na watu wa miaka kumi ijayo. Mradi uliopimwa kwa watu wa siku ya uzinduzi huanza kugombaniwa kabla rangi ya tangi haijapauka. Foleni ya maji ndiyo inayowatoa wasichana shuleni asubuhi.

Kuhusu uzazi, nawaomba mzungumze bila kuona haya, na wanaume mkiwemo. Utafiti wa afya wa 2022 ulionyesha mwanamke wa Tanzania kwa wastani anazaa watoto 4.8, na kwamba wasichana 22 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata ujauzito. Huduma ya uzazi wa mpango ni bure katika vituo vya umma, lakini bure haina maana dawa zikiwa zimeisha. Sindano hudumu miezi mitatu. Mama akifika tarehe yake akaambiwa arudi wiki ijayo, na nyumbani kwake ni mwendo wa saa mbili, harudi, na baadaye ana mimba ambayo hakuipanga. Kipandikizi cha miaka mitatu au mitano na kitanzi cha miaka kumi huondoa safari hizo, ila ni lazima awepo mhudumu aliyefundishwa kuweka na pia kutoa. Ulizeni hayo mawili, dawa na mhudumu, kwenye kamati ya zahanati kila robo mwaka. Tena wahudumu waeleze mapema kwamba hedhi inaweza kuvurugika. Asiyeambiwa hushtuka, hukatisha, na habari yake huzunguka kisimani kwa sura nyingine.

Lengo la kusema na wazazi ni nafasi kati ya mtoto na mtoto: angalau miaka miwili tangu kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine. Mama hupona, mtoto hunyonya vya kutosha, na hili hata mzee mwenye msimamo mkali hulikubali kwa sababu wazee wetu walilizingatia. Kwa wasichana, daftari lenu lina mwaka wa kuzaliwa, basi litumieni. Ikija posa ya mwanafunzi, mwaka umeandikwa. Kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi adhabu yake ni kifungo cha miaka 30, na kumalizana nje kwa ng'ombe wawili ni kumwuza. Aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule tangu Novemba 2021. Nendeni kwa wazazi wake mkawaambie, kwa sababu wengi bado wanaamini milango imefungwa.

Sasa ardhi, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Anayeomba shamba ni kaya, si kichwa cha mtu. Wastani wa watu katika kaya ulishuka kutoka 4.7 mwaka 2012 hadi 4.3 mwaka 2022, maana yake kaya zinaongezeka haraka kuliko watu. Vijana wanaoa na kutoka kwa baba yao, na kila anayetoka anataka kiwanja na shamba.

Baba mwenye ekari sita na watoto wanne atawaachia ekari moja na nusu kila mmoja. Mahindi yasiyo na mbolea ya kutosha hutoa gunia sita hadi nane kwa ekari mvua ikiwa nzuri, kwa hiyo ni gunia kumi hivi. Kaya ya watu watano hula gunia saba au nane kwa mwaka, na wadudu huchukua lao ghalani. Hakibaki cha kuuza. Sare, matibabu na mbegu za msimu ujao vinatafutwa kwa kibarua au kwa kukodisha hiyo ekari yenyewe.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 iliwapa njia ya kujiandaa. Inagawa ardhi ya kijiji katika makundi matatu: ya matumizi ya pamoja, inayotumiwa na watu na familia, na ya akiba. Akiba ndiyo ya hao wanaokuja. Tuseme kijiji kina ekari 1,200 za akiba, na daftari linaonyesha kila mwaka kaya mpya 20 zinahitaji ekari tatu tatu. Ni ekari 60 kwa mwaka, akiba ya miaka 20. Akija mtu na barua ya mwekezaji anayetaka ekari 500 na ahadi ya kujenga zahanati, anaomba zaidi ya miaka minane ya vijana wenu. Huenda bado inafaa. Lakini jambo hilo lisemwe hivyo hivyo mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, kwa miaka na kaya, kwa kuwa halmashauri hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Muhtasari wenye sahihi za watu ambao hawakuwepo ndio unaozaa kesi zinazodumu kuliko uongozi wenu.

Kama hamna mpango wa matumizi bora ya ardhi, ombeni wilaya iwasaidie kuuandaa, na wafugaji wakae ndani ya kamati tangu siku ya kwanza. Mipango mingi hufa kwa sababu njia za mifugo na lambo huchorwa bila mwenye ng'ombe kuulizwa, na mwaka wa ukame ng'ombe hufuata maji, hawasomi ramani. Kilosa, Desemba 2000, watu zaidi ya 30 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Katika hati za hakimiliki ya kimila andikeni jina la mke pamoja na la mume. Mjane asiye na jina kwenye hati hufukuzwa na mashemeji kabla ya arobaini, na watoto wake mnawapokea ninyi.

Fungeni hesabu ya daftari kila tarehe 30 Septemba. Oktoba isomeni Mkutano Mkuu, kitongoji kwa kitongoji, ili aliyesahauliwa aseme pale pale. Novemba mahitaji yenu yawe yamefika kata yakiwa na namba: watoto wangapi, vyumba vingapi, lita ngapi, ekari ngapi. Mwaka wa serikali huanza 1 Julai na bajeti ya wilaya hupikwa miezi mingi kabla, hivyo ombi linalofika Aprili limeshachelewa mwaka mzima. Nakala moja ikae kwa mtendaji, nyingine kwa mwenyekiti, na akihamishwa mmoja wao akabidhi kwa maandishi mbele ya kikao.

Ni mimi mzee wenu.